Gitaa la laki na themanini lilivyoniharibia jina

Gitaa langu la kwanza kuuza nilitaja bei huku naangalia pembeni. Nikasema laki na themanini, yule kijana akajibu poa fundi, akahesabu hela palepale, hakuomba hata buku ipungue. Siku hiyo nilirudi nyumbani na kuku. Ila nilipokuja kufikiria baadae, hapa Dodoma ni mji ambao watu wanapunguziana hadi fungu la nyanya pale Sabasaba, sasa mtu akikulipa bila kubishana hata kidogo inabidi ujiulize umemuuzia nini kwa bei ya nini.

Mi ni fundi seremala, kibanda changu kipo Chang'ombe na miaka yote nimekula kwa milango na vitanda. Tangu itangazwe 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma kazi hazijakatika, Iyumbu huko, Ilazo, Nala, Mtumba, nyumba zinaota kama uyoga na kila nyumba inataka milango, kwahiyo sikuingia kwenye magitaa kwa njaa. Niliingia kwa sababu nlikuwa napiga ridhim kwenye kwaya ya vijana, siku moja gitaa letu la Kichina likang'oka daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, katikati ya wimbo, wakaniambia si wewe fundi mbao, lishughulikie. Nikaenda nalo kibandani, nikapenyeza kioo kidogo na tochi kwenye tundu, nikaona vile vijiti vinavyobandikwa chini ya ubao wa juu vimeachia na plaiwudi imeanza kufumuka, nikakaa nalo hadi saa sita usiku. Toka siku ile sijaacha.

Kwa asiyejua, gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, linabeba mzigo mzito. Nyuzi sita za chuma zikishakazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, na ubao wa juu unaovumilia huo mvuto una unene wa milimita tatu hivi au pungufu. Ukiuacha mnene sauti inakufa, ukiupunguza sana unabonyea. Mbavu, yaani mbao za pembeni, nazipinda mwenyewe, mninga nimeuranda hadi milimita mbili, naulowesha, nauegemeza kwenye bomba la chuma lenye moto (mwanzoni bomba nililiweka juu ya jiko la mkaa tu) na unausikilizia kwa mikono mpaka ulegee wenyewe, ukiwa na haraka unakatika na mbao ndo imeenda hivyo. Nafasi za freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo, nazo hazikisiwi, kila freti unachukua urefu uliobaki mpaka kwenye daraja unagawanya kwa 17.817, ukiteleza milimita moja tu gitaa halitakaa kwenye tyuni maisha. Nayasema haya ili ujue ile laki na themanini ilikuwa inalipia nini. Ilikuwa inalipia siku 24.

Kwanini sasa niliuza bei ile? Nilipita kwenye maduka nikaona magitaa ya Kichina yanauzwa laki na nusu mpaka laki mbili, nikajiambia mi bado mgeni kwenye hii kazi, jina sina, nikae hapohapo katikati watu wanijaribu, nikishajulikana ntapandisha. Kila fundi mpya nnaekutana nae ananiambia hesabu hiyohiyo. Na inaonekana ina akili kabisa. Shida yake ni kwamba kile kiwanda kinatoa magitaa maelfu kwa mashine na faida yake ni kidogo kidogo kwenye kila moja, wewe unatoa moja kwa mwezi, mkikaa bei moja mwenzako anapata faida na wewe unachangia hela yako mfukoni.

Aliyenifungua macho ni mke wangu. Yeye ana kaduka ka vitenge pale Majengo na daftari lake halilali bila hesabu. Baada ya gitaa la tatu akaniuliza, baba watoto, hii kazi inatuingizia shilingi ngapi? Nikasema inalipa. Akasema taja kitu kimoja kimoja naandika. Mninga wa mgongo, mbavu na shingo elfu 45. Paini ya ubao wa juu elfu 10. Vifungo vya kukazia nyuzi elfu 25, waya wa freti 15, ile fimbo ya chuma inayokaa ndani ya shingo 20 maana naiagiza Kariakoo, nyuzi zenyewe 12, gundi na msasa na vanishi 22, halafu mkaa, LUKU na bodaboda 14. Akajumlisha ikaja 163,000. Inabaki elfu 17, gawanya kwa siku 24, mia saba na kitu kwa siku. Kwa siku hizohizo ningetoa milango ya mninga saba au nane. Mke wangu hakuongeza neno, alizungushia duara ile 17,000 kwa peni nyekundu akarudisha daftari kabatini.

Hata hapo sikubadilisha bei. Nilijitetea kwamba huu ndo muda wa kujenga jina, hela itakuja. Na jina kweli lilikuja, ila sio lile nililokuwa nalisubiri.

Lile gitaa la tatu nililijenga mwezi wa pili 2021, mvua zinanyesha, mbao zimenunuliwa wiki hiyohiyo. Nikaliuzia kwaya ya kanisa moja hapa mjini mwezi wa tano, likawa linalia vizuri sana, mwalimu wa kwaya alikuwa analisifia kila anaponiona. Sasa wakazi wa Dodoma mnaijua Septemba yetu ilivyo, upepo mkavu, vumbi, midomo inapasuka, ngozi inakuwa nyeupe bila mafuta. Mbao nayo inakauka hivyohivyo. Inasinyaa kwa upana wake, na kama ilibandikwa ikiwa imevimba kwa unyevu haina pa kwenda, inapasuka. Jumapili moja baada ya ibada mwalimu akaja nalo kibandani limefungwa kwenye kitenge. Ufa umetoka kwenye daraja mpaka mwisho wa chini, na ubao wa freti umesinyaa kiasi kwamba ncha za freti zimetokeza pembeni, akanionyesha kidole kina mkwaruzo. Hakunifokea. Alisema tu, mdogo wangu, liangalie hili, tuna uinjilisti mwezi ujao.

Nilitakiwa ning'oe ubao wote wa juu nibandike mpya. Kazi ya wiki mbili na mbao na vifaa vya kununua upya, na kwenye lile gitaa nlikuwa nimebaki na elfu 17 ambayo ilishaliwa zamani. Kwahiyo nikafanya kile fundi asiye na hela anachofanya, nikaliweka kando nikawa napiga milango ya watu ili nipate hela ya kulitengeneza, simu ya mwalimu ikiita nasema wiki ijayo mwalimu. Lilikaa kwangu miezi mitatu. Uinjilisti ukapita. Na ndani ya hiyo miezi mitatu kwaya za mjini zinajuana zote, zinakutana kwenye matamasha na mikesha, habari ikatembea kwamba magitaa ya yule fundi wa Chang'ombe ni rahisi lakini yanapasuka na ukimrudishia halitoki. Hakuna mtu aliyenisingizia. Kila neno lilikuwa kweli.

Hapo ndo nlielewa kitu ambacho nahisi ndo kimebeba hii kazi yote. Bei sio malipo ya gitaa siku unapolikabidhi tu. Ndani ya bei lazima kuwe na hela ya siku litakaporudi, maana litarudi, mbao ni kitu kinachopumua na wewe bado unajifunza. Kama hiyo hela haimo, siku likirudi utakuwa mwongo hata kama we ni mtu mwema, kwa sababu huna cha kulitengenezea. Mi sikupoteza jina kwa sababu gitaa lilipasuka, magitaa ya mafundi wakubwa duniani yanapasuka. Nililipoteza kwa sababu nliliuza bei ambayo ilinifanya nishindwe kulirudia.

Nikalimaliza mwezi wa kumi na mbili, ubao mpya wa juu, freti nimezipiga tupa zote pembeni, nikampelekea mwalimu mwenyewe bila kumdai hata mia.

Katika kipindi hicho pia nilienda Chamwino, kuna jamaa alinialika kwenye ngoma, nikabeba gitaa nlilokuwa nalitengeneza. Pale kuna wazee wa zeze, nyie mnajua Ugogo na vyombo, ndo kwa kina marehemu Hukwe Zawose aliyezifikisha zeze na ilimba hadi Ulaya. Mzee mmoja akalichukua gitaa, nikamwamkia, hakupiga hata uzi mmoja, aligonga ubao wa juu kwa ukucha sehemu tatu nne akiwa ameweka sikio, kisha akaniuliza, mwanangu, hiki ulikifunga kiangazi au masika? Nikasema masika babu. Akanirudishia. Akasema yeye chombo hakifungi mvua ikinyesha. Mi nimesoma useremala, nimeangalia video za watu wa Ulaya na Marekani wakielezea unyevu, lakini ni lile swali la yule mzee ndo liliniingia.

Tangu hapo nafanya hivi. Mbao nikinunua haiguswi mwaka mzima, inaning'inia ndani juu karibu na bati. Nachagua ile iliyopasuliwa kuelekea moyo wa mti, ukiangalia kwenye kichwa mistari imesimama wima, hiyo inasinyaa kidogo kuliko ile ambayo mistari imelala. Kazi ya kubandika vijiti vya ndani na kufunga kisanduku naifanya kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi tu, na nimenunua kipima unyevu kinaning'inia ukutani, kikisoma zaidi ya asilimia 45 sibandiki. Gitaa lililofungwa likiwa kavu likienda Dar litavimba kidogo na nyuzi zitapanda juu, hilo ni la kurekebisha nusu saa. Lililofungwa na unyevu likija Dodoma linapasuka. Miezi ya mvua nafanya shingo, kuchonga, na marekebisho.

Bei mpya tukaikaa tena mimi na mke wangu. Vifaa 163,000. Siku zangu 15 (mkono ulishakuwa mwepesi) kwa elfu 15 kila siku, 225,000. Kodi ya kibanda na kunoa na kubadilisha vifaa elfu 30. Na kitu tulichokiita fungu la kurudi, elfu 42, hiyo inaingia kwenye simu laini nyingine kabisa na haiguswi hata mtoto akirudishwa ada. Jumla laki nne na sitini.

Miezi minne hakuna aliyenunua. Sitaki kudanganya watu hapa, ilikuwa ngumu, wateja wa zamani walikuwa wananiangalia kama nimeugua, mtu anasema fundi juzi tu ulikuwa laki na themanini umekuwaje. Ndo hasara nyingine ya kuanzia chini, ile bei ya mwanzo inakufuata, kila mtu anaijua na anaona unamuibia tofauti. Ningeanzia laki tatu na nusu nikatengeneza machache ningekuwa na kazi rahisi zaidi.

Nilichokula hiyo miezi ni milango na marekebisho. Na marekebisho ndo yaliyonirudisha, hilo nalisema kwa moyo wote kwa yeyote anayeanza. Gitaa nyingi za dukani zinauzwa nyuzi zimekaa juu mno, mtu anaumia vidole anadhani hana kipaji. Elfu 15, nakata mifereji ya nyuzi kule juu, nashusha mfupa wa darajani, nasawazisha freti, naweka nyuzi mpya, anarudi na gitaa jingine kabisa. Wanafunzi wa UDOM walijaa. Na wakati wanasubiri yangu mawili yananing'inia ukutani, anashusha mmoja anapiga, anaangalia mwenzake. Sikuwa nasema kitu. Pembeni nimeweka la Kichina lenye nyuzi mpya zilezile, anayetaka alinganishe alinganishe. Mwanzoni mi nlikuwa nahangaika na mng'ao, napiga vanishi tabaka juu ya tabaka lishindane na la dukani kwa macho, kumbe vanishi nene inaziba sauti, sasa hivi naipiga nyembamba na mteja anasikia tofauti kabla hajaiona.

Kuna kosa lingine nilifanya hapo katikati, nilimpa mwanamuziki mmoja anaepiga hotelini gitaa bure, la kunitangazia. Gitaa alilipiga kweli na watu wakawa wanamuuliza umelitoa wapi, shingapi? Anajibu nilipewa tu na fundi. Wakaja watatu, wote wanataka "kama ulivyompa yule". Kitu ulichokitoa bure bei yake mtaani ni bure. Siku hizi naazimisha, mwezi mmoja, tunaandikishiana karatasi, na bei imeandikwa kwenye hiyo karatasi ili akiulizwa aitaje.

Na hili la wageni linaniuma mpaka leo. Alikuja mzungu mmoja mtu mzima, mpole, anapiga vizuri, na aliyekuwa anamtafsiria ni binti wa UDOM ambae nlishamrekebishia gitaa na bei zangu anazijua. Akapenda gitaa moja lenye ubao wa freti wa mpingo. Nikasema milioni moja na nusu. Yule binti alinyamaza kidogo, akaniangalia, akasema kaka, nimwambie hivyo kweli? Nikaona aibu ambayo siwezi kuielezea. Nikamwambia mwambie laki sita, maana lile lenye mpingo lilikuwa na kazi zaidi, ndo bei yake halali. Yule binti ameniletea wateja sita tangu siku hiyo na nina uhakika nisingempata hata mmoja kama angeitafsiri ile milioni na nusu. Bei yangu ni moja. Yule mgeni aliuliza na karatasi za mbao, nikamwonyesha risiti na kibali cha kusafirishia cha TFS, wale wakala wa misitu, kwa sababu mpingo na ndugu zake wote wako toka 2017 kwenye CITES, ule mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya miti na wanyama walio hatarini, na ingawa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipewa nafuu bado mtu anataka kujua mti wako umetoka wapi. Ukinunua mbao za njia ya panya jina lako linakaa juu ya mti wa wizi.

Punguzo sasa. Huku kila mtu ana sababu, kazi ya Mungu fundi, mi ndugu yako wa Kondoa, mi mwanafunzi. Nilichojifunza ni kwamba nikipunguza bei napunguza na kazi, na nakwambia nimepunguza nini. Unataka laki tatu na nusu, sawa, shingo haitakuwa na pambo, vifungo vya bei ya chini, hamna mpingo, lakini fungu la kurudi linabaki palepale, hilo silitoi hata kwa mama yangu. Au lipa kwa awamu. Nusu ya kwanza ikifika ndo naanza, na hiyo nusu inanunua vifaa vya gitaa lako wewe, niliwahi kununulia vya mtu mwingine nikajikuta nina madeni ya magitaa matatu na mbao ya moja.

Kila gitaa linatoka na karatasi ndani, namba yake, mwezi lilipofungwa, namba yangu ya simu, na maelekezo kwa Kiswahili cha kawaida: usiliache kwenye gari juani maana gundi inalegea, usiliweke karibu na jiko, kiangazi weka sponji yenye unyevu kwenye kijisahani cha sabuni chenye matundu ndani ya begi lake. Na treni ya SGR ilivyoanza 2024 wateja wa Dar wanaleta asubuhi wanarudi nalo jioni.

Mwaka juzi alinipigia mtu wa Manyoni nisiemjua. Hakusalimia sana. Akauliza, samahani, wewe ndo yule fundi ambae gitaa likipasuka unarudishiwa? Nikasema ndio mimi. Akasema basi nataka moja.

Septemba hii iliyopita yule mwalimu wa kwaya alikuja na lile gitaa la tatu kubadilisha nyuzi. Kiangazi cha nne kwenye ubao mpya. Nikapitisha kidole ubavuni mwa shingo juu mpaka chini, freti zote zimelala, hakuna inayokwaruza. Akasema wanataka la pili, la kina dada wa kwaya, bei gani sasa hivi? Nikamwangalia nikamwambia laki tano na nusu mwalimu. Akaanzia laki tatu. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akataja Mungu, akataja mvua zilivyokuwa mbaya mwaka huu na sadaka zilivyoshuka, mi nikamfungulia daftari nikamsomea mstari kwa mstari hadi kwenye fungu la kurudi, hapo akatulia kidogo, akaliangalia lile gitaa mapajani mwake. Kisha akatoa kijitabu cha kwaya mfukoni, akaandika laki tano na nusu, awamu tatu, ya kwanza Jumapili ya pili ya Desemba.